Kikaratasi cha hospitali na mlango wa mkutano: kisa cha fundi mmoja wa Mombasa

Kuhusu kisa hiki

Mhusika ameridhia kisa chake kiandikwe. Kazi yake, mtaa wake na habari za jamaa zake zimebadilishwa kiasi cha kwamba hata jirani akisoma asimtambue. Hapa tutamwita Fundi. Tunawaandikia washauri nasaha wenzetu, wahudumu wa afya wa mitaani, na jamaa ambao mtu wao amekubali kuacha pombe na sasa wanauliza: tumpeleke wapi? Vikundi vinavyotajwa ni vya Alcoholics Anonymous, walevi wanaokutana kusaidiana kuacha pombe, ambavyo waliomo huviita AA tu.

Usuli

Fundi yuko katika miaka ya arubaini. Hutengeneza friji na mashine za ubaridi mahotelini, kuanzia Nyali hadi Diani. Anaishi kisiwani na mke na watoto katika vyumba viwili vya nyumba ya familia, mamake na kaka yake mkubwa wakiwa mlango wa pili. Ni nyumba ya Kiislamu, ya watu wa kuswali, na marehemu babake alikuwa akiheshimiwa msikitini.

Pombe aliianzia kazini, bia ya bure jikoni mwa hoteli baada ya kazi kwisha. Ikaja mnazi, kwenye mangwe za Kisauni, yaani vilabu vya mnazi, akiwa njiani kurudi. Mwishowe ikawa kota, chupa ndogo ya pombe kali, ndani ya mkoba wa spana, kwa kuwa kota haichukui nafasi wala haina harufu ya mnazi. Mtaani kwake hakuwahi kunywa hata tone, na hilo likawa pazia la nyumba nzima. Mkewe alijua, mamake alijua, kaka alijua, ila maadamu haonekani akinywa, hakuna aliyelazimika kusema.

Hoja yake kubwa ilikuwa Ramadhani. "Mlevi gani huyo anaacha mwezi mzima?" Miaka ya nyuma ilikuwa kweli. Miaka miwili ya mwisho haikuwa kweli tena: alikuwa akinywa baada ya tarawehe, na kota nyingine kabla ya daku ili mikono isimtetemeke mchana.

Siku ya pili ya mfungo

Mwaka wa kisa hiki alinuia kuacha moja kwa moja. Shaabani ilipokwisha akamwaga kilichobaki, akafunga. Siku ya kwanza ilikuwa jasho, kichefuchefu na mikono isiyotulia. Usiku hakulala. Nyumbani wakadhani ni kiu na njaa za mwanzo wa mfungo. Siku ya pili, kabla ya alasiri, alianguka uani, mwili ukamkaza kisha ukaanza kutikisika, povu likamtoka.

Kaka akasema ni jini, akaenda kumwita ustadhi aje kumsomea. Ikapita saa na zaidi. Bahati nzuri ustadhi alikuwa mtu mwenye macho. Alipomgusa paji akakuta linawaka, akamsikia akizungumza na watu wasiokuwepo, alisema: "Huyu mpelekeni hospitali kwanza. Kisomo kitamfuata huko huko."

Inafaa tueleze kilichomtokea, maana kila Ramadhani huku kwetu yuko anayejaribu jambo hili peke yake. Mwili unaopewa pombe kila siku kwa miaka hujipanga upya ili ufanye kazi ukiwa umetulizwa na pombe. Ikikatwa ghafla, ubongo hubaki umechachamaa bila wa kuutuliza. Kifafa cha kuacha pombe huja zaidi kati ya saa 6 na 48 baada ya kinywaji cha mwisho. Hali iliyo mbaya zaidi, ya homa, kuweweseka na kuona visivyokuwepo, huanza kati ya siku ya pili na ya nne, na isipotibiwa huua. Hospitalini Fundi alipewa diazepam ya kutuliza ubongo, maji, na vitamini B1 kwa sindano, ambayo walevi wa muda mrefu huwa wamepungukiwa na ikikosekana ubongo unaweza kuharibika usirudi. Kwa hiyo mtu anayeamka akitetemeka mpaka apate glasi ya kwanza hatakiwi kuambiwa "acha leo leo". Anatakiwa aonwe na daktari, kisha aache.

Kikaratasi

Aliruhusiwa akiwa na dawa na kipande cha karatasi kilichosema, kwa Kiingereza, ahudhurie mikutano ya AA. Hakikutaja mahali, siku wala saa.

Fundi si mtu wa kukaa. Wiki ile ile alianza kutafuta. Namba ya kwanza aliyopewa iliita mpaka ikakatika. Ukumbi wa kwanza alioelekezwa, askari wa getini alimsikiliza akamuuliza, "AA? Unataka kujifunza gari?" akamwonyesha njia ya kwenda shule ya udereva, ambayo nayo huitwa AA. Mara ya tatu alipata maelezo sahihi, siku ndiyo na saa ndiyo. Alipofika akakuta ukumbi wenyewe uko ndani ya ua wa kanisa.

Alisimama ng'ambo ya barabara, kwa muuza madafu. Akawaona watu wawili watatu wakiingia, wakiwa wa kawaida kabisa, mmoja na mfuko wa sokoni. "Nikawaza, nikionekana n'tasema nini? Kwamba nimebadili dini, ama kwamba mimi ni mlevi? Na lipi afadhali?" Akanywa dafu lake, akala na nyama yake, akapanda matatu kurudi nyumbani. Mkewe alipomuuliza, alisema mkutano haukuwepo.

Nyumbani nako mashauri yalikuwa yanakwenda bila yeye. Kaka alitaka achukuliwe kwa nguvu akafungiwe kwenye kituo cha kuachisha pombe. Alikuwa pia amesikia habari za dawa inayomfanya mlevi aichukie pombe, akataka itiwe kwenye chai bila mwenyewe kujua. Dawa hiyo ni disulfiram. Mtu akiinywa kisha akanywa pombe, uso humwiva, hutapika, moyo humwenda mbio na presha huanguka, wapo wanaokufa. Hutolewa na daktari, kwa mtu anayejua anachokinywa na aliyekwisha kukaa bila pombe. Kumtilia mtu kwa siri ni kumtega. Mkewe alikataa, akaja kwetu, kwenye kituo cha ushauri nasaha.

Maamuzi, na sababu zake

Alipokuja mwenyewe, hatukuanza na swali la kama kweli anataka kuacha. Tulimuuliza amefika wapi katika kutafuta. Ndipo habari ya dafu ikatoka, na mpango mzima ukajengwa juu ya hiyo. Mtu aliyetafuta mara tatu akafika mpaka ng'ambo ya barabara, nia anayo. Hana njia ya kuuvuka mlango.

Kituo cha kulala tulikiweka kando. Gharama ilikuwa juu ya uwezo wao, na kupotea miezi mitatu kungemkosesha wateja na kuufanya mtaa uulize. Kama angekuwa hana nyumba, au angekuwa ameanguka mara nyingi baada ya matibabu, tungeamua vingine.

Mikutano ya simu ilikuwepo. Tangu 2020 vikundi vingi vya AA duniani hukutana kwa video, na mtu anaweza kuingia bila kuonyesha uso. Tulimshauri aijaribu. Tatizo lilikuwa nyumba. Vyumba viwili, ukuta mmoja na mamake, watoto wanazunguka: utasema nini kwa sauti? Aliishia kusikiliza kwa visikizi bila kutamka neno. Simu tukaiacha kama akiba ya siku za safari.

Ikabaki mkutano wa ana kwa ana, mbali na mtaa. Tulichagua wa ng'ambo ya daraja la Nyali, upande ambao tayari ana wateja. Yeye mwenyewe ndiye aliyeongeza kitu ambacho hatungekifikiria: ataingia na mkoba wake wa spana. Mjini hapa fundi mwenye mkoba haulizwi anaingia wapi. Mkoba uliokuwa ukificha kota sasa ungemficha mwenyewe.

Kulikuwa bado na swali la dini, kwa maana mkutano huo nao ulikuwa katika ukumbi wa kanisa. Hapa tulijizuia. Sisi si mashehe, na hata tungekuwa na jibu lisingemtuliza. Tulimpa habari tu, akaenda nazo kwa ustadhi yule yule. Habari zenyewe ni hizi. AA ilianza 1935 huko Akron, jimbo la Ohio, Marekani, kwa walevi wawili: mmoja mtu wa masoko ya hisa kutoka New York, mwingine daktari wa upasuaji. Walitokea katika jumuiya ya Kikristo ya wakati huo, na ndiyo maana lugha ya Hatua zao 12, mwongozo wao wa kuacha pombe, ina harufu ya kanisa. Lakini walijitenga na jumuiya ile, wakaandika "Mungu kama tulivyomwelewa", na sharti la uanachama likawa moja tu, kutaka kuacha kunywa. Kumbi za makanisa hutumika kwa sababu ni za bei nafuu na huwa wazi jioni. Kikundi hulipa kodi kwa mchango wa wanachama wenyewe.

Ustadhi alimuuliza, "Humo ndani mnaswalishwa?" Akasema amesikia kuna dua fupi mwishoni. "Basi wewe omba yako. Unakwenda kutibiwa." Ni rai ya mtu mmoja, na mwingine angeweza kusema vingine. Kwa Fundi ilitosha, kwa sababu ilitoka kwa aliyemwona amelala uani.

Uamuzi wa mwisho ndio tunaouona kuwa mzito kuliko yote: asiende peke yake. Kwa ridhaa ya pande zote mbili tulimuunganisha na mwanachama mkongwe, mzee mstaafu wa bandarini. Walikutana kwanza kwenye kahawa, benchi la kawaida la wazee, kikombe cha kahawa chungu na kashata. Mzee hakumhubiria. Alimsimulia jinsi alivyokuwa akificha chupa ndani ya tangi la choo, na jinsi siku moja fundi wa bomba alivyokuja kulitengeneza mkewe akiwa amesimama pale. Fundi alicheka, kwa mara ya kwanza mbele ya mtu juu ya jambo hili. Kisha Mzee akasema, "Alhamisi n'takungoja kituo cha matatu. Usipokuja sikukasirikii, nitakwenda mwenyewe."

Jioni ya kwanza

Ulikuwa mkutano wa wazi, ambao hata asiye mlevi anaruhusiwa kuketi. Wa faragha ni wa wenye tatizo lenyewe pekee. Viti vya plastiki kwa duara, chupa ya chai, sahani ya biskuti. Mmoja alisoma ufunguzi kwa Kiingereza, kisha watu wakasema kwa lugha walizokuja nazo, Kiswahili kikiwa kingi. Kila anayesema hutaja jina moja tu, husema yeye ni mlevi, hueleza lake, akimaliza hushukuriwa. Hakuna anayemjibu wala kumrekebisha. Fundi alituambia hilo ndilo lililomshangaza zaidi. Alizoea kwamba ukitaja pombe mbele ya watu, lazima ifuate nasaha.

Alipofikiwa alisema jina lake, na "leo nasikiliza". Ikapita.

Mkutano ulianza saa kumi na mbili jioni, na adhana ya magharibi ikaingia katikati. Hakuna aliyelifikiria hilo kabla. Alianza kujikunja kitini, asijue kama kutoka ni utovu wa adabu. Mzee akamgusa bega, wakatoka pamoja barazani, akamwonyesha bomba la maji na upande wa kibla, kisha akabaki amesimama kando akimlindia mkoba. Tangu siku hiyo ndio utaratibu: hutoka, huswali, hurudi.

Mwisho watu walisimama wakashikana mikono kwa dua ya utulivu. Yeye aliweka mikono yake mfukoni. Hakuna aliyesema kitu.

Kuteleza

Kwa miezi mitatu alihudhuria mara mbili kwa wiki. Kisha ikaja kazi kubwa Diani, wiki mbili za kulala huko huko, kivuko cha Likoni kikiwa baina yake na kikundi. Mikutano ya simu aliifungua mara ya kwanza na ya pili, baadaye bando ikaisha na hakununua nyingine. Siku ya malipo, mpishi aliyekuwa akimjua zamani alimwekea bia mbili mezani kama shukrani. Alikunywa siku nne.

Aliporudi hakwenda mkutanoni, kwa aibu. Mzee alipiga simu, haikushikwa. Akapiga kesho yake, na kesho kutwa. Ya tatu ilipokelewa. "Mimi nilianguka mara ngapi, unazijua? Ila usiache ghafla kama ile Ramadhani. Unatetemeka?" Anatetemeka. "Basi hospitali kwanza, halafu ndio tuonane." Maneno hayo hayakumjia hivi hivi. Yalikuwa yameandikwa kwenye karatasi tuliyoipanga pamoja, na mkewe akiwa na nakala: akinywa tena zaidi ya siku moja, daktari kabla ya yote. Safari hii hakukuwa na kifafa.

Hali ilivyo wakati wa kuandika

Umepita mwaka na zaidi bila kunywa. Kazi za Diani anazichukua, ila harudi tena kulala huko, hata kama kivuko kitamla jioni nzima. Malipo ya wateja huingia kwenye simu ya mkewe. Mteja mmoja alimpoteza, na kaka yake bado hamwamini. Mamake mpaka leo hajatamka neno pombe; hutuma tu mahamri kila Alhamisi, "ya hao wenzako".

Mkewe ndiye aliyepata kidogo. Jamaa za walevi wana vikundi vyao vya Al-Anon, vilivyoanzishwa Marekani 1951, lakini hakupata cha karibu kinachozungumza lugha yake. Alichokipata ni mazungumzo na sisi, na uamuzi aliouchukua mwenyewe mapema kabisa, kwamba halipi tena deni lolote la mangwe.

Uchambuzi

Kikaratasi kilishindwa, na si kwa sababu Fundi alikipuuza. Kilimwachia mtu aliyetoka kitandani kazi ya kutafuta namba, kutambua ukumbi, kushinda hofu ya kuonekana na kujibu swali la fikihi, yote peke yake na bila kinywaji. Ukiwauliza waliomwandikia watasema walimpeleka AA.

Hili lina ushahidi nje ya kisa chetu. Mwaka 2020 mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaolinganisha tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565, yakaona kwamba AA na tiba inayomwingiza mtu katika Hatua 12 havishindwi na tiba nyingine zilizozoeleka, na kwa kuacha kabisa na kudumu huko mara nyingi huzipita. Anayeyataja matokeo hayo akumbuke kilichopimwa. Sehemu kubwa ilikuwa ni tiba ya kumwingiza, mtaalamu akimwandaa mtu, akimuunganisha na kumfuatilia. Kumtajia jina la kikundi kisha ukaita mgonjwa mwingine si kitu hicho.

Kahawa ya kabla ya mkutano ilifanya kazi kuliko tulivyotarajia. Hofu ya Fundi haikuwa ya mkutano, ilikuwa ya mlango. Baada ya kahawa alikuwa na mtu mmoja anayemjua humo ndani, na siri zao zimelingana. Vilevile mkoba: hatua bora ya mpango ilitoka kwa mwenyewe, baada ya kuulizwa anaogopa kuonekana na nani hasa, wapi na saa ngapi. Swali la jumla la "unaogopa nini?" lilikuwa limemtoa jibu la jumla.

Upande wa dini, kilichosaidia ni kutolifanya dogo. Yupo mshauri ambaye angemwambia "ni ukumbi tu, ingia", na kwa Mombasa hiyo si hoja. Aliyestahili kulijibu alikuwepo, na tayari alikuwa ameaminiwa na nyumba nzima.

Mpango ulikuwa na shimo upande wa safari. Mkutano wa simu ulihesabiwa kama mbadala ilhali alikwisha kuonyesha nyumbani kwamba huko hasemi. Msikilizaji asiyesema ni rahisi kupotea bila mtu kujua. Kwa wateja wa kazi za mbali sasa tunapanga simu ya kila usiku na mtu mmoja aliyetajwa, kabla hata ya kutafuta kikundi cha mtandaoni. Kwa asiye na pa kuanzia kabisa, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, humpa mshauri wa kuzungumza naye. Ila naye afuatiliwe, aulizwe alijibiwa nini na amefika wapi.

Kuhusu kurudia kunywa, jamaa wengi huhesabu ile miezi mitatu kuwa imekwenda bure. Sisi tunaona tofauti ya mara mbili alizoacha: ya kwanza alianguka uani akisubiri kisomo, ya pili alifika hospitali akitembea, ameongozwa na mlevi mwenzake aliyejua la kuuliza.

Kuna tawi la kisa hiki ambalo halijazaa. Kwa desturi za AA, walevi wawili watatu wakikutana ili wakae bila pombe wanaweza kujiita kikundi, mradi wasijifunge na shirika jingine. Fundi na wenzake wawili wameanza mkutano wa Kiswahili Jumapili asubuhi, katika ukumbi wa kijamii usio wa dini yoyote, saa isiyogongana na swala. Kuna Jumapili wanakuwa saba, kuna Jumapili wanakuwa wawili. Mwanamke hajaingia hata mmoja, ingawa tunawajua wanaonywea chumbani, na mwanamke wa mjini hapa hana mkoba wa spana wa kujifichia. Mmoja amekubali kuzungumza kwa simu tu, usiku, na mwanamke mwenzake aliyeacha pombe miaka mingi na anayeishi mji mwingine. Kwa sasa tunawalipia bando.